Bawabu na Bawaba

Watu wa hapa Van Nuys wakishajua mimi ni mke wa nani, hunikamata hata kwenye foleni ya mkate. "Mama Hruska, hebu tuambie, kwa nini Bawabu kila baada ya miaka michache anaanza upya? Kila filamu baba yake anakufa tena!" Ni kweli. Yule mzee maskini ameshauawa mara tatu, mara kwa risasi, mara kwa lifti, mara kwa moto, na kila mara mwanawe anaokota kile kishada cha funguo na kugundua kwamba hakuna mlango duniani wa kumzuia. Watu wanadhani wenye studio wameishiwa hadithi. Wameishiwa wapi! Ngoja niwaambie, na mnivumilie nikiwa nimesimama, maana jambo hili likinipanda kichwani sikai kwenye kiti.

Bawabu alizaliwa mezani kwa mume wangu, Ludvik Hruska, ambaye sisi wote tunamwita Lud. Lud ni mtoto wa mlinzi wa mlango wa jengo la ghorofa kule Cleveland. Ni mtu wa mkono wa kushoto. Shuleni masista walimchapa vidole kwa rula ili aandike kwa kulia, naye akakataa katakata. Alipoanza kuchora vitabu vya katuni, akamchora shujaa wake amevaa koti refu la mlinzi lenye vifungo vya shaba, na funguo akazitundika kiunoni upande wa kushoto, ili watoto wote waliochapwa vidole wapate mtu wao. Hayo aliniambia wakati ananitongoza. Nikasema moyoni, huyu bwana hazimo zote, nikaolewa naye.

Mimi nilikuwa mpishi. Nilipika kwenye lori la chakula linalofuata watu wa filamu, mayai asubuhi, nyama mchana, kahawa wakati wote, kwa hiyo msije mkanifundisha mambo ya filamu. Waigizaji nawajua wakiwa na haradali kidevuni.

Sasa sikilizeni. Kitabu ni kitu kimoja na haki ya kukifanya filamu ni kitu kingine. Lud aliuza hiyo ya pili wakati tuko vijana na paa linavuja. Lakini wakili wetu wa siku zile, mzee mmoja mbishi kuliko nyumbu, alitia sharti: studio ikikaa miaka saba bila kuanza kupiga filamu ya Bawabu, haki inarudi kwa aliyemchora. Wakipiga, wanapata miaka saba mingine. Basi. Sharti linasema kuanza kupiga picha. Halisemi kumaliza, halisemi kuonyesha, na wala halisemi iwe nzuri. Ni sawa na mpangaji aliyeandikiwa kwamba asipolala ndani ya nyumba hata usiku mmoja, nyumba inarudi kwa mwenyewe. Nyumba yenyewe haipendi, lakini hataki jirani aipate. Basi muda ukikaribia kwisha, utamwona huyo anakuja na godoro kichwani.

Na kwa nini kuanza upya badala ya kuendelea? Ah! Mwigizaji wa zamani keshanenepa, au anataka alipwe kama sultani. Mkubwa aliyeamuru ile filamu ya kwanza keshafukuzwa, na mkubwa mpya hataki kulea mtoto wa mwenzake. Halafu walichonunua ni vile vitabu vya mwanzo tu, ambamo baba anakufa. Wataenda wapi? Wanamuua tena mzee wa watu.

Kilichonichoma mimi si hicho. Mkataba ule ule unamfunga Lud: maadamu haki iko studio, yeye haruhusiwi kutoa hadithi mpya ya Bawabu. Na anayo. Anayo ya mwisho, amekaa nayo kichwani miaka na miaka. Bawabu amezeeka, anarudi kwenye jengo la baba yake, anasimama mbele ya mlango ambao angeweza kuufungua kwa kidole, na kwa mara ya kwanza maishani anapiga hodi.

"Ichore basi, uifiche," nilimwambia.

"Sichori kwa ajili ya droo, Noreen. Mtu hapigi hodi kwenye nyumba tupu."

Maneno hayo aliyasema tukiwa bado tunacheka. Majira ya baridi yaliyofuata mkono wake wa kushoto ukaanza kutetemeka. Mwanzo kijiko, halafu kalamu. Daktari hakuzunguka. "Mzee Hruska, kama una kitu cha kuchora, chora mwaka huu." Na mwaka huo huo, Ijumaa ya mwisho ya Aprili jua likizama, ile miaka saba ilikuwa inakwisha. Kama hawakupiga picha mpaka jioni ile, Bawabu ni wetu, na mkono bado ungeweza. Kama wamepiga, miaka saba mingine, na mkono usingengoja. Hiyo ndiyo habari yote.

Wiki ile sikulala vizuri, sikula vizuri, nikachoma sufuria mbili. Wakili wetu wa sasa, Perla Ocampo, binti mdogo lakini ana ulimi wa wembe, alipiga simu kila asubuhi.

"Mama, sisikii kitu. Hakuna tangazo, hakuna mwigizaji aliyetajwa."

"Ndiyo kinachonitisha," nikamwambia. "Watu hawa wakinyamaza ujue wanatenda."

Nikachukua funguo za gari. "Lud, vaa viatu. Twende tukasome mabango."

Mtu wa hapa haulizi mabango gani. Watu wa filamu wakienda kupiga picha mtaani hutundika kwenye nguzo vibao vya manjano vyenye mshale, ili wenzao wasipotee. Lakini hawaandiki jina la filamu, watazamaji wasije wakajaa. Wanaandika neno la uongo. Nami niliendesha lori kwa kufuata vibao hivyo miaka yote, najua kitu kimoja: hawa watu hawawezi kuficha bila kutia utani. Filamu ya papa wataiita CHUMVI. Filamu ya mfalme wataiita KITI.

Basi tukazunguka. Burbank, North Hollywood, Sun Valley, turudi tena Burbank. Mimi naendesha, Lud anasoma kwa sauti.

"SHANGAZI WAWILI."

"Hiyo ni ya mapenzi. Endelea."

"SUPU BARIDI."

"Hiyo ya polisi. Lud, angalia upande wako, mbona unaangalia mbwa?"

"Mbwa mzuri."

"Khaa! Mtoto wako anaibwa, wewe unatazama mbwa!"

Akacheka. Mimi nilikuwa nimeshika usukani mpaka viganja vinauma. Jumanne hatukuona kitu, Jumatano hatukuona kitu, Alhamisi nikamfokea mwanamke wa watu kwenye taa za barabarani bila sababu. Usiku Lud alinoa penseli zake zote akazipanga mezani. Nami nikajifanya sikuona.

Ijumaa, kabla ya saa sita mchana, tulikuwa Sun Valley, kwenye ile barabara ya maduka ya vyuma chakavu. Lud akasoma, "BAWABA." Akarudia polepole, "Bawaba."

Nikakanyaga breki, gari la nyuma likanipigia honi na matusi juu. Bawabu, bawaba. Si kitu cha kupasua kichwa. Kipande cha chuma kinachoshika mlango!

"Wajinga hawa," nikasema, na sauti ikanitoka vibaya. "Hata kuficha hawajui."

"Ni neno zuri," Lud akasema. "Ningelitumia mwenyewe."

Mshale wa kwanza ukatupeleka kwa wa pili, wa pili ukatuingiza kwenye maegesho ya magari nyuma ya duka la mabomba. Godoro lilikuwa limeshaletwa. Kamera moja. Watu wachache wanapiga miayo. Mlango wa mbao umesimamishwa peke yake katikati ya lami, hauna nyumba nyuma yake. Na lori la chakula! Dirishani alikuwa Chuy, niliyepika naye miaka kumi na kitu, mtu wa Pacoima, ana tumbo la kuwekea sahani.

"Mama Noreen, mimi sijakuona," akasema bila kuniangalia, huku ananimiminia kahawa.

"Na mimi sikujui. Hapa kuna nini?"

"Tumeitwa jana. Mtu anatembea mpaka mlangoni, anafungua, kwisha, kila mtu kwao. Filamu nzima ndiyo hiyo. Itawekwa kabatini ioze." Akashusha sauti. "Kijana wao katoka Fresno. Hakuna aliyemwambia. Asubuhi nzima anampigia mama yake simu, kapata nafasi, kapata nafasi. Mimi hata kumtazama nashindwa."

Nikamwona. Kijana mrefu, masikio makubwa, ndani ya koti lenye vifungo vya shaba. Nikampigia Perla.

"Wapo," nikamwambia. "Sun Valley. Wamemvalisha mtu."

Perla akatukana kwa lugha ya mama yake. Kisha akauliza, "Amevaaje? Nieleze yote."

"Koti. Kofia. Funguo kiunoni."

"Kiuno upande gani?"

Nikatazama. Nikatazama tena. "Kulia."

Sauti yake ikawa ndogo sana. "Mama, nisikilize. Msiguse kitu. Msiseme neno. Mkataba unataka Bawabu apigwe picha katika mavazi yake kama alivyochorwa vitabuni. Wakimpiga hivyo hivyo, huyo si Bawabu, ni mtu tu mwenye koti. Jumatatu niko mahakamani, na hakimu hata miwani hatahitaji kuvaa. Acha wakosee."

Jamani, nilitaka kurukaruka. Nikamvuta Lud nyuma ya lori, nikamwambia yote sikioni. Akaitikia kwa kichwa.

"Umeelewa? Mdomo ufungwe."

"Nimeelewa, Noreen. Si mtoto mimi."

Tukasimama pale na kahawa zetu, wazee wawili tu, nani atatuuliza. Wakaanza majaribio. Yule kijana akatembea kuelekea mlangoni, akapapasa funguo, zikamponyoka. Akaziokota, akarudi, akaanza tena. Safari hii akalazimika kujipinda mwili mzima kuzifikia, akajikwaa kwenye koti lake mwenyewe. Mtu mmoja akacheka. Mwongozaji, bwana mwenye kaptula, hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Haidhuru, haidhuru. Fika mlangoni tu. Tupumzike dakika tano, halafu tupige kweli."

Mimi nafurahi. Nasema kweli, nafurahi kama niliyeokota. Lud hafurahi. Namjua mume wangu, taya lilikuwa linamcheza.

Kijana akaja lorini kuomba maji, jasho linamtiririka chini ya kofia. Akatuona. Wazee wa watu wengine akawaamkia vizuri, hilo siwezi kumnyima.

"Shikamooni, wazee. Samahani, mzee, wewe kwa umri wako utakuwa umesoma vile vitabu vya Bawabu?"

Nikamkanyaga Lud mguu.

"Kidogo," Lud akasema.

"Babu yangu alikuwa navyo. Nilikuwa nalala navyo." Akanywa maji yote mara moja. "Kuna kitu nakosea, sijui ni nini. Mkono haufiki. Mimi ni wa kushoto, unaona, nimemwambia mvishaji, akasema watu wote ni kulia, nisilete matatizo. Na mimi ndiyo kwanza nimepata kazi, sitaki waseme nasumbua." Akacheka, lakini macho yalikuwa mekundu. "Nimemwambia mama nitamfanya vizuri. Yeye anajua nilivyokuwa nampenda huyu mtu."

Nikamfinya Lud mkono. Nilimfinya kwa nguvu zangu zote, alama ilikaa siku tatu.

"Lud," nikasema. "Twende nyumbani."

"Subiri, Noreen."

"Lud, nakuomba."

"Geuka, mwanangu," akamwambia yule kijana. "Ni za kushoto. Zimekuwa za kushoto siku zote."

Akainama kufungua kile kidoano kinachoshika funguo kwenye mkanda. Mkono ukatetemeka. Akakishika, kikamponyoka. Akakishika tena, funguo zote zikagongana, vidole havitii. Kijana kasimama wima, kainua mikono kama anayepimwa suti, hathubutu kupumua. Lud akajaribu tena, na safari hii nikaona shingo yake imekuwa nyekundu. Akaniangalia. Hakuniomba. Aliniangalia tu, na katika maisha yetu yote sikuwahi kumwona mume wangu ameshindwa na kitu kidogo namna ile mbele ya mtu.

Nikamsukuma pembeni. "Hebu toka! Utamchoma huyu mtoto." Nikakifungua mwenyewe, nikazungusha mkanda, nikakifunga kushoto, nikavuta kuona kama kimeshika. Msiniulize. Perla ameshaniuliza vya kutosha.

"Sasa usikimbilie mlango," Lud akamwambia kijana. "Huyu hana haraka. Baba yake alisimama mlangoni miaka thelathini, alifungua kwa ajili ya watu wengine. Ukifika, acha mkono ushuke wenyewe. Utakuta funguo zipo."

"Asante, mzee. Unaitwa nani?"

"Mpita njia tu. Nenda, wanakuita."

Wakapiga. Mwongozaji akasema anza, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, na kijana akatoka upande wa pili wa maegesho. Akatembea. Hakuharakisha. Koti lilimfuata, mabega yalishuka, na mkono wa kushoto ukateremka bila yeye kuangalia, ukakuta ufunguo, ukauinua. Mwongozaji akainua kichwa kutoka kwenye simu. Chuy akaacha kukaanga. Mlango ule wa mbao usio na nyumba ukafunguka, kijana akapita, akasimama upande wa pili, na kamera ikaendelea mpaka mwongozaji alipokumbuka kazi yake akasema kata.

Mwanamke mmoja wa studio akaandika saa kwenye karatasi yake, akatabasamu. Miaka saba. Wakaanza kuvunja vitu. Hata mlango waliubeba wawili, kila mmoja na upande wake.

Niseme mapema yaliyofuata, nisiwachoshe. Filamu ile haikuonyeshwa popote. Kijana alirudi Fresno, na sijasikia jina lake tena. Kufika Krismasi Lud alikuwa hawezi kushika penseli, na hadithi ya mwisho ya Bawabu hakuna aliyeisoma, kwa sababu haipo. Zile filamu tatu kubwa zimetazamwa na mamilioni. Bawabu mwenyewe, yule aliyetoka mezani kwetu, alitembea mara moja tu nyuma ya duka la mabomba, na waliomwona hawajazi hata basi moja.

Siku ile, tulipoingia garini, simu ikalia. Perla. "Mama! Wamepiga? Zilikuwa kulia?"

"Kushoto," nikasema, nikaizima.

Halafu nikamgeukia Lud. Nilikuwa na maneno, jamani. Nilikuwa na ya miaka yote. "Unajua ulichofanya? Unajua? Kitabu chako chote, Lud! Kwa ajili ya mtoto wa watu ambaye hata jina hukumuuliza! Kwa filamu ya kuozea kabatini!" Nikapiga usukani, honi ikalia, watu wakageuka. Nililia pale pale, kwa hasira, pua inanitoka.

Lud alikuwa ameushika mkono wake wa kushoto kwa wa kulia, ameuweka pajani. Alikuwa anaangalia mbele, hata sijui kama alinisikia.

"Zinalia," akasema.

"Nini zinalia?"

"Funguo. Akitembea, zinalia." Akanigeukia, na uso wake ulikuwa wa mvulana. "Miaka arobaini nimezichora, Noreen. Sikuwahi kujua zinaliaje."